Kigae Kisicho na Habari Zake

Katika mji wa Dar es Salaam, sehemu ile iitwayo Kivukoni, ardhi haipumziki. Leo huchimbwa msingi wa jumba refu, kesho mfereji wa maji, kesho kutwa njia ya mabasi ya mwendokasi, ambayo tangu mwaka 2016 hufika mpaka kando ya kivuko. Nayo ardhi hiyo si mpya. Kabla Seyyid Majid wa Unguja hajaanza kujenga mji wake katika miaka ya 1860, palikuwapo pwani hii kijiji cha Mzizima, na watu wake walipika, walivunja vyungu, walizika wafu wao, wakatupa makombe na mifupa ya samaki kama watu wote wafanyavyo. Baada yao wakaja watu wa Sultani, kisha Wadachi, kisha Waingereza, kisha sisi wenyewe. Na kila kizazi kimeacha mabaki yake juu ya mabaki ya waliotangulia. Basi mchimba msingi apigapo sururu, hupita katika maisha ya watu pasipo kujua.

Kwa sababu hiyo, katika nchi nyingi imekuwa desturi kwamba kazi kubwa isianze mpaka wataalamu wa mambo ya kale wamekwisha kutazama ardhi, na wakiona kitu, wakichimbe na kukitoa kabla hakijavunjwa na mashine au kufunikwa na maji. Kazi hiyo twaweza kuiita uchimbaji wa kuokoa. Kwetu Tanzania iko Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyotengenezwa tena mwaka 1979, nayo humwagiza mtu aonaye kitu cha kale atoe habari. Tena Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yataka kazi kubwa zichunguzwe madhara yake kabla hazijaanza. Hayo ni mema, nasi twashukuru kwa ajili yake.

Walakini twataka kuuliza swali moja ambalo sheria peke yake haiwezi kulijibu. Kitu kikitolewa ardhini upesi upesi, kikatiwa katika mfuko, kisha maandishi yake yakapotea, je, tuseme kimeokolewa? Au kimepotea mara ya pili, na safari hii kwa mkono wa yule yule aliyesema amekuja kukiokoa?

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Kila kanisa lina kitabu cha ubatizo. Humo mmeandikwa jina la mtoto, majina ya baba na mama, siku aliyobatizwa, na jina la msimamizi wake. Mchwa wakila ukurasa mmoja wa kitabu hicho, mtu aliyeandikwa humo hafi. Yu hai, analima, anacheka na jirani zake. Lakini siku atakapotaka kuoa, akaulizwa habari za ubatizo wake, hataweza kuzionyesha. Yeye yupo, ila habari zake hazipo. Huyo bado ana kinywa, aweza kujieleza, na wazee wa kijiji waweza kumshuhudia. Kigae cha chungu hakina kinywa. Habari zake zikipotea, hapana awezaye kumshuhudia.

Kigae kimoja, kikiwekwa peke yake juu ya meza, chasema neno moja tu, ya kwamba mtu fulani alifinyanga chungu, nacho kikavunjika. Hilo twalijua hata bila kuchimba. Lakini tukijua kwamba kilitoka katika shimo fulani, kwenda chini mkono mmoja na nusu, kando ya ushanga wa kioo uliotoka ng’ambo ya bahari, na juu ya makaa ya jiko, ndipo kinapoanza kusema mengi. Tangu mwaka 1949 wataalamu wamejua namna ya kupima umri wa makaa na mifupa. Basi yale makaa yatatuambia jiko liliwashwa zamani gani, ushanga utatuambia kwamba watu wale walifanya biashara na wageni, na kigae kitatuambia kama chungu kilifinyangwa pale pale au kililetwa. Lakini haya yote yamo katika ule ujirani wao ardhini, wala hayamo katika kigae chenyewe. Ujirani huo ukiisha kuvunjwa na jembe, hauko tena mahali po pote duniani isipokuwa katika daftari la mchimbaji, na ramani yake, na picha zake, na vikaratasi vyenye namba alivyovitia katika mifuko. Mfuko wa makaa uliopoteza kikaratasi chake ni mfuko wa makaa tu. Hautoshi hata kuchemshia chai.

Hapo ndipo twaona tofauti ya kazi hii na kazi nyingine za elimu. Mwalimu wa hesabu akikosea, hufuta ubao akafanya tena. Mkulima akikosa mavuno mwaka huu, hungoja mvua za mwaka ujao. Mchimbaji wa mambo ya kale hana mara ya pili. Mahali pa kale ni kama shahidi mzee aletwaye barazani, ambaye atasema mara moja tu, kisha afe pale pale. Karani wa baraza akiandika vema, shauri laweza kuamuliwa leo, na hata wajukuu wanaweza kulifungua tena na kulitazama upya. Karani akisinzia, au akiandika vema kisha akaliacha daftari mvuani, ushuhuda umekwisha, wala hapana njia ya kumwita yule mzee mara ya pili.

Katika kisiwa cha Pate, pwani ya Kenya, uko mji wa kale uitwao Shanga. Wachimbaji walifanya kazi huko kati ya mwaka 1980 na 1988, tabaka kwa tabaka, pasipo haraka. Chini ya msikiti wa mawe walikuta alama za misikiti midogo zaidi, mmoja chini ya mwingine, na ile ya chini kabisa ilikuwa ya miti tu, ya karne ya 8. Miti yenyewe ilikuwa imeoza zamani. Kilichobaki ni mabaka ya udongo wenye rangi nyingine mahali nguzo zilipokuwa zimesimama. Mabaka hayo hayawezi kutiwa katika sanduku. Yule aliyeyachora na kuyapima ndiye aliyeyaokoa, na michoro yake ikipotea, ile misikiti ya kwanza imepotea pamoja nayo.

Turudi Kivukoni. Katika Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940 kwa ukumbusho wa Mfalme George wa Tano, limetunzwa fuvu mashuhuri lililookotwa na Mary Leakey katika bonde la Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Ni fuvu la kiumbe wa kale sana aliyefanana na binadamu, nalo limekuwa Dar es Salaam tangu mwaka 1965. Watu huja kutoka nchi za mbali kwa ajili yake. Wakiuliza umri wake, huambiwa yapata miaka milioni 1.75. Lakini umri huo ulijulikanaje? Haukuandikwa juu ya mfupa. Ulipimwa katika majivu ya volkano ya tabaka lile ambamo fuvu lilikuwa limelala, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 1961. Kama fuvu lile lingaliokotwa na mtu asiyeandika mahali wala tabaka, akaliuza mjini, leo tungekuwa na mfupa wa ajabu tu, na kila mtu angalisema umri apendao.

Neno hilo la mwisho twataka kulikazia, maana hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la wataalamu peke yao na kuwa jambo la haki. Mahali pasipo na maandishi ya kweli, mwenye nguvu husema apendavyo. Katika nchi ya Zimbabwe ziko kuta kubwa za mawe ambazo nchi ile imepewa jina lake. Kati ya mwaka 1902 na 1904 mzungu mmoja, Richard Hall, aliwekwa kuzitunza. Yeye aliamini kwamba zilijengwa na wageni wa zamani waliotoka mbali, na kwamba udongo wenye vitu vya watu weusi ulikuwa uchafu tu uliozifunika. Basi akauzoa udongo ule ndani ya kuta, tabaka juu ya tabaka, akautupa nje. Hakujua, au hakutaka kujua, kwamba alikuwa akiwatupa nje mashahidi. Mwaka 1905 akaja David Randall-MacIver, na mwaka 1929 akaja mama mmoja mwenye bidii, Gertrude Caton-Thompson, wakachimba kwa uangalifu pale palipokuwa hapajaguswa, wakaandika kila kitu mahali pake. Wote wawili wakashuhudia kwamba kuta zile ni kazi ya Waafrika wenyewe. Hata hivyo waliopenda uongo walizidi kuusema kwa miaka mingi baadaye. Kama hapangebaki pembe zisizoguswa, ni kwa vigae gani tungaliwajibu?

Nasi wa pwani tuna deni lile lile. Zamani watu wengi walisema kwamba miji yetu ya mawe ni kazi ya wageni, na kwamba wenyeji walikuwa watumishi tu. Waliolirekebisha neno hilo hawakulirekebisha kwa kelele. Walikusanya vigae vya vyungu vya kupikia, wakavipanga kwa namba na kwa kina, wakaona kwamba vyungu vya namna moja vilitumika katika miji ya kwanza ya pwani na katika vijiji vya bara. Vitu vinyonge namna hiyo, ambavyo mama akifagia uwanja wake huvitupa jalalani, vilipoandikwa vema viliurudishia umma wa watu sifa yao.

Sasa na tutazame kile kitokeacho maandishi yakikosekana kabisa. Hatuna haja ya kwenda mbali. Jina la Kariakoo latokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ambao walipiga kambi yao pale. Kambi imekwisha, jina limebaki, na kila siku watu elfu nyingi hulitaja wakienda sokoni pasipo kukumbuka wapagazi. Wapagazi wale walikufa makumi ya maelfu, kwa njaa, kwa kuhara, kwa homa, kwa kuchoka, na wengi sana kati yao majina yao hayajulikani tena. Mwaka 1927 ilisimamishwa ile sanamu ya Askari katikati ya mji, nayo yawaheshimu askari na wapagazi pamoja. Ni heshima njema. Lakini mtu ambaye babu yake alikwenda vitani asirudi, akifika mbele ya sanamu hiyo, hatasoma humo jina la babu yake. Twawaheshimu kwa jumla kwa sababu hatuwezi kuwaheshimu mmoja mmoja. Aliyeona kwamba karatasi za majina ya wapagazi si kitu kikubwa, hakujua kwamba alikuwa akifanya kaburi la pili, ambalo halifukuki.

Wako watakaotujibu hivi: “Maneno yenu ni mazuri, lakini nchi yetu ina watoto wagonjwa, na shule zisizo na madawati. Fedha itakayojenga ghala la kuwekea vigae na makaratasi, si afadhali inunue dawa?” Swali hilo ni la haki, wala hatutaki kulipita mbio. Mtoto mgonjwa ni mkubwa kuliko kigae, wala hapana mtu mwema atakayesema vingine. Ila tutazame kama kweli uchaguzi uko kati ya viwili hivyo. Ghali ni jumba, ghali ni reli, ghali ni bomba la gesi kama lile lililoanza kuleta gesi ya Songo Songo hapa Dar es Salaam mwaka 2004. Ukilinganisha na gharama za kazi kama hizo, gharama ya daftari, sanduku, rafu na mlinzi wa karatasi ni ndogo. Yafaa ihesabiwe pamoja na gharama za msingi kabla ya sururu ya kwanza, ailipe yule achimbaye kwa faida yake, wala isitafutwe baadaye kwa kuomba. Mjenzi mwenye akili huhesabu mpaka bei ya bawaba za milango. Basi ahesabu na hili.

Tena twaongeza neno. Kama kweli fedha haipo, dawa yake si kuchimba ovyo, bali ni kuchimba kidogo. Ardhi ni mtunzaji mwema. Imekitunza kigae miaka elfu bila mshahara, bila rafu, bila kufuli. Mtu akikitoa humo, amejitwalia kazi ya ardhi, naye hana budi kuifanya kwa uaminifu usiopungua ule wa ardhi. Asipoweza, na mahali penyewe hapana hatari, heri apaache. Wajukuu watakuja na ujuzi mwingi kuliko wake. Sheria ya uchimbaji wa kuokoa, kwa maoni yetu, ingekuwa hii: usiokoe zaidi ya unavyoweza kutunza, ila pale tu maji au mashine viko mlangoni.

Maana iko siku ambapo kweli maji yako mlangoni. Misri ilipojenga bwawa kubwa la Aswan, nchi ya Wanubi, katika Misri na Sudani, ilikuwa karibu kuzama. Mwaka 1960 UNESCO ikayaita mataifa kusaidia, nayo yakaja, na kazi ikaendelea mpaka mwaka 1980. Hekalu la Abu Simbel lilikatwa vipande likapandishwa juu ya mlima. Lakini sisi twapenda kukumbuka habari za Faras. Hapo palikuwa na kanisa kuu la Wanubi Wakristo, Waafrika waliomwabudu Mungu kando ya Nile miaka mingi kabla meli za Wareno hazijaonekana katika pwani yetu. Kanisa lilikuwa limejaa mchanga. Wapoland walilichimbua kati ya mwaka 1961 na 1964, wakakuta kutani picha zaidi ya 120 za watakatifu, malaika, wafalme na maaskofu, na tena orodha ya majina ya maaskofu waliopita katika kiti kile. Picha nyingi ziliondolewa kutani kwa ustadi mkubwa. Nyingine zikapelekwa Khartoum na nyingine Warsaw. Kisha maji yakaja. Leo Faras haipo tena juu ya nchi. Iko katika zile picha, na katika michoro, na katika madaftari ya wale waliokuwa wakiandika huku maji yakipanda.

Ndipo tuone jinsi amana hiyo ilivyo nyonge. Mwaka 2023, mwezi wa Aprili, vita vikazuka Khartoum, na Makumbusho ya Taifa ya Sudani yakaporwa vitu vingi. Vitu vilivyookolewa katika maji havikusalimika mbele ya watu. Nasi hapa kwetu tulitazama soko kuu la Kariakoo likiwaka usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na wafanya biashara wengi wakapoteza mali pamoja na daftari za mali. Methali yetu yasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba hata daftari likiwa moja tu, hupotea bila habari pia. Katika pwani adui wa karatasi ni wengi: chumvi ya bahari, unyevu wa masika, mchwa, panya, mende. Siku hizi wengi hutumaini kompyuta, nayo ni msaada mkubwa. Lakini kompyuta nayo huzeeka upesi kuliko karatasi. Yaliyoandikwa katika mashine ya miaka 30 iliyopita, mara nyingi leo hapana mashine ya kuyasoma. Akiba haiozi, wasema wazee, lakini akiba ya maandishi huoza kama hapana mtu wa kuigeuza. Yataka kunakiliwa mara kwa mara, na nakala zikae mbali mbali, moja Dar es Salaam, moja Dodoma, moja penginepo, ili moto mmoja usiziteketeze zote.

Wasomaji wetu wengi wanajua habari za nabii Yeremia alipolinunua shamba la Anathothi. Mji ulikuwa umezingirwa na Wababeli, na kila mwenye akili aliona kwamba shamba halina thamani tena. Hata hivyo aliandika hati mbele ya mashahidi, akampa Baruku, akamwagiza azitie katika chombo cha udongo ili zikae siku nyingi. Twaona neno moja ambalo wengi hulipita: hati zilikuwa mbili, moja imetiwa muhuri, na moja iko wazi. Ile ya muhuri ilikuwa ya kutunzwa isibadilishwe na mtu. Ile ya wazi ilikuwa ya kusomwa. Mwenye kuweka ya muhuri peke yake ameficha. Mwenye kuweka ya wazi peke yake amehatarisha. Haki ilitaka zote mbili.

Twaomba watunzaji wa mambo ya kale walifikiri neno hilo. Mara nyingi, katika nchi nyingi, habari za uchimbaji wa kuokoa huandikwa nakala chache tu, moja kwa kampuni, moja kwa serikali, kisha hufungiwa katika saraka. Zimetunzwa, lakini hapana azisomaye, na aliye mbali zaidi nazo ni mwanakijiji ambaye vigae vilitoka katika shamba lake. Hata pale habari zilipochapwa, mara nyingi hazimfikii. Neville Chittick alichimba Kilwa katika miaka ya 1960, akatoa kitabu kikubwa cha majuzuu mawili mwaka 1974, kazi ya sifa. Lakini kimeandikwa kwa Kiingereza, na mvuvi wa Kilwa Kisiwani hawezi kuuliza humo juu ya jiwe analolikanyaga kila siku. Tusidhani kwamba wajibu umetimizwa hati ya muhuri ikiwa salama. Yapasa iwepo na hati ya wazi, kwa Kiswahili chepesi, katika shule iliyo karibu na shimo lililochimbwa.

Labda msomaji atasema, “Haya ni ya wakubwa, mimi mkulima nitafanya nini?” Na asikie habari hizi. Mwaka 1944, wakati wa vita, askari mmoja wa Australia aitwaye Maurie Isenberg alikuwa katika kisiwa cha pembeni, kaskazini mwa nchi yao. Akaokota mchangani sarafu tisa, akazitia katika kopo. Hakujua ni kitu gani. Lakini alitia alama katika ramani mahali alipoziokota. Miaka 35 ikapita. Mwaka 1979 akazipeleka kwa wenye kujua, wakaona kwamba nne ni za Waholanzi, na tano ni sarafu za shaba za masultani wa Kilwa! Namna zilivyofika huko, ng’ambo ya bahari yote ya Hindi, hapana ajuaye mpaka leo. Lakini mwaka 2013 wataalamu waliweza kwenda mahali pale pale na kutafuta, kwa sababu mtu asiye mtaalamu alitia alama ndogo katika karatasi akaitunza.

Basi hiyo ndiyo kazi iliyo katika uwezo wetu sote. Ukichimba kisima au choo ukakuta vigae vingi, au shanga, au mifupa, au mawe yaliyopangwa, usivigawe kwa watoto, wala usivipeleke kwa mchuuzi. Simama. Viache kama vilivyo ikiwezekana. Andika siku, mahali, kina, na vilivyokuwa kando yake. Andika kwa kalamu ya risasi, maana wino huyeyuka kwa maji. Tia karatasi moja ndani ya mfuko na nyingine nje yake. Kisha mwambie mwenyekiti wa kijiji au mwalimu, ili habari zifike kwa wenye kazi hiyo. Nanyi walimu, fundisheni watoto kuandika tarehe katika kila karatasi, hata iliyo ndogo. Karatasi isiyo na tarehe ni kigae kilichokwisha kutupwa.

Tuliuliza mwanzoni kama kitu kilichotolewa ardhini kikapoteza habari zake kimeokolewa. Sisi twajibu kwamba hakikuokolewa, kimehamishwa tu. Aliyeokoa ni yule aliyetoa, akaandika, akatunza, akafungua, na kumkabidhi mwingine atakayefanya vivyo hivyo baada yake. Watu wa Mzizima hawakutuomba tuwachimbue. Tukiwachimbua, twawiwa nao ushuhuda wao ukamilike, na wale wasiozaliwa bado watatudai kwa haki kile tulichokiondoa ardhini kabla yao. Deni hilo halilipwi kwa sanduku lililofungwa, bali kwa daftari lisomekalo.